Jani la Isale Uliloliweka Mezani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa sijui kuanza na mzazi bila hiyo, ingawa hakuna atakayeniitikia marahaba. Hapa Uru watu wanasema nimeumia mno, ndiyo maana silii. Mimi sijui. Tangu tukuzike naamka, nafagia uwanja, nampa ng'ombe majani ya migomba, nalala. Sisikii njaa wala huzuni.

Cheti changu kimefika wiki iliyopita. Cha maendeleo ya jamii, kutoka chuo kile cha Dar es Salaam ambacho mimi na wewe hatukuwahi kukanyaga mlango wake. Nimekitazama, nikakirudisha kwenye bahasha. Nilidhani nitafurahi.

Unakumbuka tulivyoanza? Msumeno wa kiwanda cha mbao ulikuwa umeuchukua mkono wangu wa kulia, nikarudi nyumbani na pensheni ya ulemavu, nikawa mtu wa kukaa tu. Ni wewe uliyesikia parokiani kwamba siku hizi mtu anasoma chuo kwa kompyuta akiwa hukuhuku Moshi. Ada ningelipa kwa pensheni. Basi kila Jumamosi tukawa tunashuka mjini, kwenye duka la intaneti jirani na soko. Mimi nabonyeza herufi kwa mkono wa kushoto, wewe uko kwenye benchi nyuma yangu, kofia mapajani kana kwamba misa imeanza.

"Mwalimu yuko wapi?" uliniuliza siku ya kwanza.

"Yuko Dar, baba."

"Anakuona?"

"Hanioni."

"Sasa mbona umechana nywele hivyo?"

Wiki iliyofuata ulishuka na mkungu wa ndizi mshare begani, ukamkabidhi dada mwenye duka. "Umfikishie mwalimu," ukamwambia. "Mtu hawezi kumfundisha mtoto wangu akaondoka mikono mitupu." Yule dada alipokea mikungu yako karibu mwaka mzima, na kila mara alikujibu kwamba mwalimu anashukuru sana. Alinenepa, baba. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unarudi nyumbani umefurahi.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Niliogopa kwamba mfuko wa pensheni unaonilipa ukijua nasoma, utasema kumbe huyu ni mzima, nao utanikatia pensheni. Bila pensheni hakuna chuo. "Akija mtu wa mfuko kukagua," nilikwambia, "habari za masomo usizitaje." Ukasema sawa. Nilipaswa kujua. Wewe hukuwahi kuficha sifa ya mtoto wako hata siku moja.

Yule afisa alikuja Alhamisi, ana faili na kalamu. Alinitazama mkono, akaandika, nikaingia jikoni kumchemshia chai. Ungemwacha anywe chai aende. Lakini mgeni kwako haondoki hivyo. Ulimletea mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ukaonja kwanza wewe kama desturi, kisha ukampa. Mkagundua kwamba marehemu baba yake alipata kipaimara siku moja na wewe. Hapo nikajua mambo yameharibika.

"Huyu unayemwona na mkono mmoja anasoma chuo," nikakusikia. "Kwa kompyuta! Anaandika haraka kumshinda karani wetu wa parokia."

"Kwa hiyo kazi ya ofisini anaiweza, mzee?"

"Aisee! Hata hiyo ofisi yako anaiweza."

Mkacheka wote wawili. Mimi nilisimama jikoni mpaka chai ikamwagika juu ya moto.

Miezi miwili baadaye barua ikaja: malipo yamesimamishwa. Nikaacha masomo katikati ya muhula. Nakumbuka nilichokwambia, kila neno. "Ulitaka sifa, umezipata. Sasa kanisomeshe kwa hizo." Tangu siku hiyo nilikupa shikamoo asubuhi na sahani ya chakula jioni, basi.

Kisha ukaja na isale. Ulilikata kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, jani bichi lenye umande, ukalifunga fundo kama inavyotakiwa. Nilikuwa sijawahi kuona mzazi akimpelekea mtoto isale. Sisi wote tunajua kwamba hata mtu aliyeua, akija na isale, husikilizwa. Na aliyeletewa ana kazi moja tu, kulishika na kusema, "Nimepokea."

Uliingia umevua kofia. "Mama," uliniita, kama ulivyoniita tangu nikiwa mdogo, "nimekosa. Mdomo wangu ulinishinda."

Nikasema, "Weka hapo mezani."

Ukaliweka. Ulisimama kidogo, labda ulidhani nitaongeza neno, halafu ukatoka kwenda kupalilia kahawa. Jani lilikauka palepale. Masika yalipokuja kifua kikakubana, na baada ya siku tisa tukawa hatuna wewe.

Baada ya arobaini yako niliitwa kwenye bodi ya madaktari. Nilijiandaa kujitetea, nikaanza kuwaeleza kwamba chuo nilichosoma ni cha kusomea hukuhuku kwetu tu. Daktari mama mtu mzima akanishangaa. "Nani alikwambia kusoma kumekatazwa? Mkoa mzima tuliwasimamishia malipo wote mpaka uhakiki wa wanaolipwa uishe." Kisha akanigeuzia faili nisome. Yule afisa wako aliandika mistari miwili tu: "Nimemkuta nyumbani. Mkono wa kulia haupo." Habari za chuo hakuziandika. Za karani wa parokia hakuziandika. Labda aliona ni maneno ya mzazi tu. Pensheni ikarudi pamoja na ya nyuma, nikarudi chuoni, nikamaliza.

Kwa hiyo hukunikosea, baba. Uliomba msamaha wa kosa ambalo halikuwepo, kwa mtoto aliyekuwa ameanza yeye kukufundisha kuficha, na huyo mtoto akakuonyesha meza. Nikiyawaza haya nangoja kitu kinichome. Hakinichomi. Natazama tu ukuta.

Jana nilimuuliza mama mkubwa kama isale lililokauka bado linaweza kupokewa. Akasema hajui, kwao hakuna aliyewahi kuliacha likakauka. Kisha akaendelea kumenya ndizi.

Nimelichukua mezani kwa mkono huu mmoja nilio nao. Limevunjika vipande viwili.

Nimepokea, baba.

Mimi binti yako,
uliyeniita mama