Onyesha Tena

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mwaka uanze. Barua zako zote zilifika, nikazisoma, wala sikuzijibu. U hali gani? Na mgongo, bado unakusumbua kwa kuinamia cherehani? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanaamua mambo bila kunishauri.

Ninakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa. Daktari ameniagiza nimtafute mwalimu wa mazoezi, nami nimempata. Ni kijana mwenye shingo nene; watoto wa jengo letu wanamwita Chuma. Atakuwa akija nyumbani mara mbili kwa wiki, na ada yake ya mwezi inakaribia nusu ya pensheni yangu. Nilimwuliza atanifundisha nini. Akajibu kwamba tutaanza na kukaa na kuinuka. Nimekaa na kuinuka tangu utotoni, wala hakuna aliyewahi kunitoza.

Kwa upande mmoja naona ni upuuzi. Kwa upande mwingine, ninaishi ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo hili ilikufa kabla hata ya marehemu mama yako.

Unaonaje? Nijibu bila kunionea huruma.

Baba yako

16 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako niliifungua papo hapo karakanani, mapazia ya mteja yakiwa bado mapajani. Mgongo haujambo. Nakushukuru kwa kuniuliza.

Baba, kuna jambo hukuliandika. Yule fundi saa wa pale chini alinipigia simu tangu mwezi wa kwanza. Aliniambia ulikaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kuanzia mchana hadi jioni, gazeti mkononi. Kila aliyepita alikuamkia, ukamwitikia, naye akaenda zake akidhani unasoma. Fundi saa alipita akienda kwa mteja, akapita tena akirudi, akaona ukurasa ni ule ule. Ndipo alipokushika mkono, akakuinua. Nilikuwa nasubiri unieleze mwenyewe.

Chumba cha kando ya karakana nimekisafisha. Najua hukitaki. Mara ya mwisho ulisema kelele za vyerehani zinakusahaulisha ulichokuwa ukifikiri. Basi tufanye hivi: mchukue huyo Chuma kwa mwezi mmoja, na nusu ya ada nitalipa mimi. Mwezi ukiisha, ukiweza kupanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwako bila kupumzika njiani, chumba hiki sitakitaja tena. Ukishindwa, nakuja kukuchukua.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Natumaini uko salama na kazi haikuelemei. Nami sijambo. Fundi saa naye hajambo, ingawa kwa sasa simsalimu kwa uchangamfu wa zamani.

Mwezi umeisha, na nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Siku ya kwanza Chuma alichuchumaa, akainuka, akaniambia, zamu yako, mzee. Nikamweleza kwamba jambo halifundishwi kwa mfano mmoja, onyesha tena. Akaonyesha. Sikuona vizuri anapoweka visigino, nikamwomba arudie. Kisha nikamtaka aeleze kila kiungo na kazi yake. Wewe unajua nilivyofundisha maisha yangu yote: mwanafunzi hagusi chaki kabla hajaelewa. Tukaendelea hivyo wiki hadi wiki, mimi kwenye kiti changu cha kukunja, ambacho ndicho pekee kilichobaki sebuleni, naye akilowa jasho mbele yangu. Kusema kweli, ameboreka sana.

Siku ya mwisho alijibwaga sakafuni, akanitazama.

“Mzee,” akasema, “mimi nimepungua kilo mbili. Wewe mazoezi yote unayajua, ila hujafanya hata moja.”

Tukashuka barabarani kufanya mtihani wako. Nilipanda vizuri mpaka pale nilipokaa na gazeti, kisha nikaegemea ukuta. Chuma hakunishika. Alinipita, akaketi vidato vichache juu yangu, akaweka kidevu kiganjani kama nifanyavyo mimi.

“Onyesha tena,” akasema.

Nilipandwa na hasira, nikafika mlangoni bila kujua nimefikaje.

Sasa niambie wewe. Nimepanda kwa miguu au kwa hasira? Ada ile nimelipia mazoezi, au nimelipia mtu wa kunikasirisha? Anataka tuendelee mwezi mwingine. Nilipumzika mara moja, sitakuficha hilo.

Baba yako

3 Mei

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu akazima cherehani kuuliza kuna nini. Baadaye nikalia kidogo.

Hata mimi sijui nifanye nini. Nikikuongezea mwezi, naogopa siku moja utakaa tena kwenye ngazi, na fundi saa awe amefunga duka. Nikikuleta huku, naogopa utakaa chumbani na gazeti lile lile, ukurasa ule ule. Lakini naona tumekuwa tukibishana juu ya ada bure. Unataka kubaki kwako? Kama unataka, mlipe Chuma, halafu umtii. Gari la kukuchukulia vitu nimeshaliulizia. Nisiposikia neno kutoka kwako kabla ya mwisho wa mwezi, nakuja.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nakutakia afya njema, nami nimeamka vizuri. Swali lako limenishinda. Kubaki ninataka, kutii ndiko nisikokujua.

Leo nilitafakari nikaona kosa liko kwenye kiti. Maadamu kipo, nitakikalia na kufundisha. Nikakikunja, nikakibeba mwenyewe hadi chini kwa fundi saa, nikamwomba anitunzie na asikupigie simu. Akasema hana nia hiyo, huku mkono ukiwa tayari kwenye simu. Tukabishana. Niliondoka nikitunga jibu la kumkomesha, na lilipokuja, jibu zuri kabisa, nilikuwa nimeshafunga mlango wangu, kitasa bado kimo mkononi.

Hapo nikajiuliza: nimepumzika njiani au sikupumzika? Sikumbuki. Huenda nilipita pale pa gazeti bila kupaona. Huenda nilisimama pale pale nikitunga jibu. Nilikuwa ninahema, lakini sijui kama ni kwa kupanda au kwa kubishana. Sijawahi kumpa mwanafunzi alama kwa kazi ambayo sikuiona, na siwezi kuanza kwa kujipendelea mwenyewe. Nikafikiri nishuke, nipande upya kwa makini. Kisha nikagundua kwamba safari hii ni mimi ninayeambiwa nionyeshe tena, na anayeniambia ni mimi.

Chuma anakuja kesho asubuhi kuuliza kama tunaendelea. Atakuta sebule haina pa kukaa. Barua hii yenyewe nimeiandika nimesimama, karatasi ikiwa dirishani, na sasa ndiyo kwanza ninaona kwamba sijaegemea kitu.

Gari usilikodi bado. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako