Mapipa Matupu ya Mjomba Anselme

Clémence shoga yangu, yule jirani Huguette anadai alimwona mjomba Anselme akitumbukiza vifuko vya vipande vya mti wa mwaloni kwenye tangi la chuma la divai. Nikamjia juu, “Bi Huguette, ulimi huo utakuponza!”

Kumbe hakusema uongo.

Nipo mlangoni pa ghala. Vifuko vinaelea ndani ya divai nyeupe kama majani ya chai. Majani ya chai, Clémence!

Unajua nilivyoyalea yale mapipa ya mwaloni. Mwaka mzima, kila Ijumaa, nakoroga mashapo yaliyotuama chini kwa fimbo na kujaza kilichopungua, mpaka divai ikaanza kunukia siagi na lozi za kukaangwa. Leo nimeyagonga. Yanalia ko, ko, ko. Matupu! Ameiuza yote kwa mchuuzi wa mjini, wiki ile niliyokuwa kwa mama.

Nikamuuliza. Akacheka. “Mpwa wangu, mnunuzi atajuaje? Mwaloni ni mwaloni.”

Mwaloni ni mwaloni! Na ndiye aliyenifundisha kwamba pipa linapumua, divai inajivutia harufu yake polepole, na ukiiharakisha inakuachia ukakasi wa ubao mdomoni.

Kesho kijiji kizima kinakuja kuonja hii ya tangi. Lebo zote za chupa nimeziandika kwa mkono wangu: “Mwaka mmoja pipani.” Watanunua kwa sababu wananiamini mimi.

Nikamwambia, “Mjomba, nakuomba, niache nizibandue lebo zangu.”

Akachukua glasi, akaanza kuifuta. Namwona kutoka hapa. Bado anaifuta.