Daftari la Mama Ulilolitupa

Kaka Deo,

Salamu nimekuwekea akiba; leo nina hasira.

Unakumbuka siku uliyonifuata kazini, kwenye maktaba ya chuo kikuu, ukajifanya umekuja kuota joto? Nilikuwa napanga maboksi ya chumba cha nyaraka za Kiyahudi, kule ambako huruhusiwi kuingia hata na kalamu ya wino. Ukachungulia, ukaona kikaratasi chakavu kimewekwa peke yake kwenye bahasha safi. Mkutubi, yule mama mzee mpole, akakwambia ni orodha ya vitu vya sokoni: vitunguu, sabuni, uzi. Ukacheka. "Na hii nayo mnaitunza?"

Akakujibu taratibu, "Aliyeiandika aliuawa vitani, yeye na nduguze wote. Alichobakiza ni hiki tu."

Ukavua kofia, Kaka. Nikajua umeelewa. Kumbe wapi!

Mama naye alikuwa na lake. Kila Jumapili tukitoka kanisani, anakaa jikoni kwetu huku ugenini, kwenye yale maghorofa ya Dixon, anaandika kwenye daftari la bluu: nani alimzaa nani kule kwetu Uvira, nani kazikwa wapi, nani hakuzikwa. Ukawa unamtania, "Mama, ripoti hiyo ya nani?" Naye, "Yenu nyie, mtakaosahau." Tukacheka, na mimi nilicheka.

Alipofariki, mwenye jengo akataka funguo. Nilikuomba jambo moja tu: unisubiri nitoke kazini. Hukusubiri. Ukajaza mifuko myeusi, daftari humo humo, ukaisukumiza yote kwenye shimo la taka la ghorofa ya kumi na moja, lile linaloangusha taka hadi chini. Nilishuka mbio hadi kwenye mapipa, nikakuta gari la taka limeshaondoka. Nawe ukaniambia, "Si makaratasi tu, mdogo wangu?"

Makaratasi! Mimi ninayebeba makaratasi ya marehemu wa watu kwa mikono miwili, ya mama yangu yakaenda na maganda ya ndizi. Nimekuchukia, Kaka, na sioni haya kulisema.

Juzi binti yangu kaja na kazi ya shule, achore ukoo wetu. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, mama yake bibi aliitwa nani. Sijui. Mtoto akanitazama, akadhani namficha.

Nimempa namba yako ya simu ya huko Calgary. Akikupigia, mwambie wewe jina hilo liko wapi.

Ni mimi, mdogo wako