Kuomba Moto Katikati

Jumanne, 6 Mei

Magauni mawili ya gomesi yamekwisha, la tatu linangoja vifungo. Umeme ulikatika saa nne, nikarudi kwenye cherehani ya miguu. Simu iko kwenye droo ya nyuzi. Kila nikibadilisha uzi naichungulia.

Kijiji chetu cha Katikati kimya. Zamani nilikuwa nikifungua grupu asubuhi nakuta makelele: mhunzi kagombana na mganga, mbuzi wa huyu kala mboga za yule, harusi inapangwa. Leo jumbe mbili tu. Mhunzi kauliza kama kuna mtu kijijini. Mzee Mlinda Kisima kajibu kwamba maji bado yapo.

Nimeumia. Kijiji chenyewe hakipo popote duniani, ni maneno tu kwenye simu, na bado watu wamekihama.

Alhamisi, 8 Mei

Mgeni. Wa kwanza tangu Krismasi.

"Mimi Athieno wa Petta. Mtoto wa dada yangu ameniingiza hapa, amesema kuna majirani wazuri. Mume wangu alikufa mwaka jana, nyumba imekuwa kimya. Ameniambia nikifika niseme naomba moto."

Kupokea wageni ni kazi yangu. Katikati mimi ni Mama Vyungu, mfinyanzi, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukiingia. Mgeni lazima aombe kaa la moto, kama mama zetu walivyokuwa wakiomba kwa jirani wakati kibiriti ni anasa. Anayempa moto ndiye mlezi wake. Anamsaidia kuchagua jina, nyumba na kazi, anamfundisha kusema kama mtu wa kijiji, si kama nafsi yake. Na anamfundisha neno moja la lazima. Ukitaka kusema mambo yako ya kweli, anza na "nje ya boma". Bila neno hilo, kila kitu ni mchezo.

Nikamwandikia maneno yetu: "Chukua kaa hili. Tembea pole, lisizimike."

Akajibu, "Asante dada. Mungu akubariki."

Mjane wa Petta, huko vijijini Tororo! Kaja na mhusika wake tayari kichwani, na Kiswahili cha kwao hivyo hivyo. Wengine huwachukua mwezi mzima kufika hapo. Sikumfundisha lolote. Utamfundishaje kuogelea samaki?

Jumapili, 11 Mei

Athieno ameamsha kijiji. Baada ya misa nikakuta: "Majirani, ng'ombe yangu amelala chini tangu asubuhi, hataki kula. Nafanya nini?" Mganga kamwambia afunge uzi mwekundu mkiani. Mhunzi kaahidi kuja kumpigia kengele. Mama wa watu akajibu kwa upole: "Nimefunga uzi. Bado amelala." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hata watu wawili waliokuwa wamepotea tangu mwaka jana walirudi kucheka.

Mzee Mlinda Kisima peke yake ndiye aliyeharibu utamu. "Mama, mwite daktari wa mifugo leo leo, usingoje." Kisha akaniandikia pembeni: "Nje ya boma. Umemfundisha mgeni?"

Nikasema ndiyo. Uongo. Sikutaka kukaripiwa, kwa umri huu.

Mlinda Kisima ni Mwalimu Wandera, mstaafu, anakaa Busia ya ng'ambo, upande wa Kenya. Mimi niko huku Uganda. Wakati wa korona geti la mpaka lilifungwa suruali yake ikiwa mezani kwangu, nimeipinda mguu mmoja tu. Akaniandikia: "Fundi, suruali yangu imebaki nchi ya kigeni." Nikamjibu kwamba imeshaomba uraia. Kesho yake akaniambia, tujenge kijiji kisicho na geti. Akanipa kaa la moto, mimi wa kwanza. Nilikuwa naandika mstari mmoja. Akanisahihisha kama mtoto wa darasa la nne mpaka nikaweza kurasa. Tukafika nyumba thelathini.

Siku zile zilikuwa mbaya. Hakuna mteja, ugali na mboga moja wiki nzima. Nazikumbuka kwa hamu hata naona aibu.

Jumatano, 14 Mei

Athieno kasema jana ng'ombe amekufa. Mhunzi akamtungia wimbo wa kuaga mkia. Nikaupigia makofi.

Mwalimu anaondoka. Kaniandikia leo asubuhi. Macho yamechoka, watu wamepoa, amechoka kukaa kisimani anangoja mtu aje kuteka maji. Ijumaa Mzee Mlinda Kisima atakufa. Nikamsihi. Akanikumbusha sheria aliyoiweka mwenyewe: afaye Katikati harudi.

Nina hasira naye. Nimeshona mkono wa gomesi ndani nje, nikaufumua, nikaushona vile vile tena.

Ijumaa, 16 Mei

Amekufa saa tatu asubuhi, karibu na kisima, ndoo mkononi. Aliandika kifo chake mwenyewe na alikiandika vizuri, kikavu, bila kujihurumia. Kisha simu ikaonyesha ametoka kwenye grupu.

Waliolia ni wanne. Wengine hawakusoma hata.

Athieno akauliza, "Huyu ndiye mzee alinijibu mambo ya ng'ombe?" Nikasema ndiye. "Kilio iko wapi? Nakuja."

Nilikuwa nalia kweli. Nikamjibu kama Mama Vyungu: "Chini ya mwamba, mama. Ukifika mwambani utasikia ngoma." Mwamba wa Katikati ni ule wa kweli wa Tororo. Mwalimu aliuazima kwa sababu siku ya anga safi sote wawili tunauona, kila mtu kwake.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike kabla sijatafuta visingizio.

Saa nne asubuhi: "Nimefika mwambani. Sisikii ngoma. Nauliza watu, hakuna anayemjua mzee huyo." Mhunzi akamsifu. Mganga akamwambia azunguke mara tatu afumbe macho. Kisha ikaja picha. Kuku mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, juu ya mfuko wa unga wa wimbi. Nyuma yake mwamba. Tororo yenyewe.

Ng'ombe alikuwa ng'ombe. Mume alikuwa mume. Mama huyu hakucheza hata siku moja.

Nikampigia, nikamwambia akae hapo hapo asiondoke. Nikafunga duka, mteja ananiita nyuma na gomesi yake haijapigwa pasi.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, gomesi ya kilio, viatu mkononi. Ana umri wa mama yangu. Alikuwa ametoka kwake jogoo wa kwanza. Nikapiga magoti pale pale vumbini, nikamweleza yote, pamoja na uongo niliomwambia Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mzee?"

"Mzee yuko, mama. Ni mwalimu, anakaa Busia ng'ambo. Ni mzima."

"Na uzi mwekundu?"

"Mchezo, mama."

"Na wimbo wa ng'ombe yangu?"

Nikasema niliupigia makofi. Akasema, "Mlikuwa mnanicheka." Hakupandisha sauti. Afadhali angenizaba kofi.

Akasimama, akachukua kuku wake. Nikadhani anarudi kwake, na nisingemlaumu. Akasema, "Kuku ya matanga hairudi nyumbani. Nikirudi nayo, narudi na kifo. Nipeleke kwa huyo marehemu."

Tukaja Busia, tukavuka geti kwa miguu, mimi na unga, yeye na kuku. Mwalimu akafungua mlango amevaa fulana. Kwenye kamba ya nguo nje ilikuwa imeanikwa ile suruali, mpindo wangu bado umeshika. Athieno akamtazama toka juu hadi chini.

"Pole kwa kufa," akamwambia.

Mwalimu akanigeukia. Nikasema, "Nje ya boma, Mwalimu. Sikumfundisha."

Alielewa mara moja. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Umetoka Petta kwa ajili yangu?"

"Watu wote walijibu. Wewe ulinijibu maneno ya maana," akasema Athieno. "Daktari alikuja, lakini tulikuwa tumechelewa na uzi. Sasa kisu iko wapi?"

Tukapika. Ugali wa wimbi, kuku wa mchuzi. Marehemu alikula vipande viwili na shingo. Nyumba yake ina kiti kimoja tu mezani, vingine vimepangwa ukutani vina vumbi. Miaka yote hii nimemsoma kila siku na sikulijua hilo. Mwalimu aliposhukuru, Athieno akamwongezea mchuzi.

Jumapili, 18 Mei

Mama alilala kwangu. Asubuhi nimempeleka stegi ya matatu. Kabla hajapanda nikamwuliza kama atabaki Katikati. "Nitaona," akasema, akatazama mbele.

Nimeandika kwenye grupu, nje ya boma, kila kitu bila kujipaka mafuta. Mhunzi amempigia kuomba radhi. Mganga ameandika "pole" moja tu. Nimewaambia pia kwamba mimi si mpokezi tena. Aliyeunguza nyumba hapewi moto agawe.

Jumatatu, 26 Mei

Kimya. Jina la Athieno lipo, lakini hasomi. Nyumba zinazosema zimebaki saba.

Leo nimesoma jumbe za zamani, za mwaka ule wa geti. Harusi ya binti wa mhunzi iliyochukua siku tisa. Mwalimu akinifokea kwamba chungu hakikauki kwa siku moja, niache pupa. Nilicheka na kulia na uzi ukaisha kwenye cherehani sina habari.

Huyu mama naye akiondoka, mimi ndiye nitakayekuwa nimekifunga kijiji. Si korona, si macho ya Mwalimu. Mimi na uvivu wangu.

Nimempelekea Mwalimu kiungo cha kuingilia grupu. Sikuandika neno lingine.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imepungua. Mwamba umeonekana asubuhi, kisha ukajificha.

Saa tano, namba ngeni kwenye grupu. "Mimi ni mpita njia. Sina jina bado wala kazi. Naomba moto."

Wengine hawakumtambua. Mimi nilimjua kwa neno la kwanza. Afaye Katikati harudi, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuja mgeni. Vidole vikaanza kuandika vyenyewe, maana nimewapa moto wageni miaka mitano. Nikavizuia. Nikaweka simu kwenye droo, nikaifungua droo tena.

Dakika kumi. Hakuna aliyejibu. Kisha, baada ya wiki tatu za kimya, Athieno wa Petta.

"Karibu mgeni. Chukua kaa hili. Tembea pole, lisizimike. Lakini kwanza kaa chini nikufundishe, mimi hawakunifundisha. Hapa ni mchezo. Ukiwa na ng'ombe mgonjwa, sema nje ya boma, tunakuja."

"Asante, mama," akajibu mgeni. "Nimeshika."

Akamwuliza anataka kazi gani. Mgeni akasema yoyote, ila si ya kukaa peke yake. Athieno akampa kuchunga ng'ombe wa kijiji, pamoja na wengine.

Nimerudi kwenye gomesi. Bado vifungo viwili.