Mlolongo wa Mwalimu Nzuki

Mukuru kwa Njenga,
6 Aprili 1997

Mjukuu wangu Mutie,

Umekaa sana bila kuja, mpaka majirani wananiuliza kama una mguu mbaya. Krismasi nilikungoja, Pasaka nikakungoja, kuku nikamla na Lela mwenye duka. Uko mzima? Mkeo Muthoki na tumbo lake wanaendeleaje? Mimi niko, magoti tu, na huu moshi wa viwanda.

Badala ya kuja umetuma karatasi, historia ya eneo bunge letu la Ndithyoni unayomwandikia Mheshimiwa. Lela amenisomea, maana mimi na kusoma unatujua. Ya mkoloni ni sawa. Ya ukame ni sawa. Halafu unasema mwaka wa 1988, ule wa kupanga mlolongo nyuma ya picha ya mtu badala ya kutia karatasi sandukuni, watu walimchagua Mheshimiwa "kwa sauti moja". Nilimwambia Lela arudie. Akarudia.

Mutie, picha ya mpinzani wake, Mwalimu Nzuki, ilishikwa mbele na nani? Si mimi? Toa hayo maneno.

Susu yako,
Kalekye

Ndithyoni,
2 Mei 1997

Susu mpendwa,

Nakusalimu sana, natumaini magoti yamepoa. Sisi ni wazima, ila Muthoki hali kitu kikakaa. Nisamehe kwa kutokuja. Kazi ya ofisi ya Mheshimiwa haina Jumapili.

Nisikilize bila kukasirika. Uchaguzi ni mwaka huu, na Mheshimiwa husoma kila ukurasa na kalamu nyekundu mkononi. Nikiandika kwamba alishindwa akatangazwa mshindi, kesho yake nitakuwa shambani nikiangalia mawingu, na mtoto yuko njiani. Tena Susu, wewe ulikuwa mbele. Watu walikuwa nyuma yako. Urefu wa mlolongo uliuonaje? Kuna wazee wanaosema ilikuwa karibu sawa.

Mjukuu wako,
Mutie

Mukuru kwa Njenga,
11 Mei 1997

Mutie,

Muthoki apewe uji wa wimbi, kidogo kidogo. Salamu zimeishia hapo.

Unauliza niliuonaje. Niligeuka. Mtu ana shingo. Nilishika picha ya Nzuki juu mpaka mikono ikafa ganzi, nikageuka, nikaona watu wamepita kinu cha posho, wamepita josho la ng'ombe, wengine wamesimama kwenye mchanga wa mto. Watu wa Mheshimiwa walitoshea kwenye kivuli cha bucha, na nusu yao ni shemeji zake. Karani alipotuhesabu sisi alifika mkabala na bucha, akasema inatosha. Chifu akatangaza. Sisi tukacheka, tukidhani ni mzaha.

Kisha mahindi ya msaada yakaja. Chifu akaruka nyumba yangu, akaruka na za wenzangu, tukaambiwa tukale picha. Unafikiri nilihamia hapa kwa kupenda harufu ya mtaro?

Lela anasema nipunguze ukali. Nimemwambia kalamu ni yake, maneno ni yangu.

Kazi sikukatazi, kula. Lakini Mutie ni jina la babu yako, ulipewa kwa kuwa wewe ni wa kwanza, na yeye alikuwa pale mchangani na fimbo yake. Usilibandike kwenye uongo. Andika ilivyokuwa, au toa jina.

Susu yako

Ndithyoni,
30 Agosti 1997

Susu mpendwa,

Nimechelewa kujibu, najua. Muthoki amejifungua msichana, wote wazima. Ni Nzisa, jina la mama yangu, kama desturi.

Kitabu kimetoka. Yale maneno ya sauti moja niliyatoa, Susu. Kinatoka uchaguzi wa 1983 kinaingia wa 1992. Mheshimiwa hakuuliza, alikuwa akiangalia picha yake. Jina langu liko kwenye jalada, nilishindwa kumwambia aliondoe. Lakini uongo sikuandika. Nilidhani utafurahi hata kidogo.

Mwalimu Nzuki alinikuta sokoni akauliza kama mwaka wake umeingia. Nikamwambia nina haraka.

Nitakuja Desemba na mtoto.

Mjukuu wako,
Mutie

Mukuru kwa Njenga,
7 Septemba 1997

Mjukuu wangu,

Nzisa amekuja salama. Nimeshukuru Mungu, nimelia kidogo, Lela amefungua soda tatu dukani na hakuna aliyelipa. Nataka nimtemee mate ya baraka kifuani mwenyewe.

Kitabu nacho Musau dereva wa basi alikileta. Kinanukia vizuri. Nilimwambia Lela amtafute babu yako. Hayumo. Nzuki hayumo. Unasema kuruka si uongo. Basi na chifu aliporuka nyumba yangu na gunia lake hakukosea kitu.

Nimechoka nawe, lakini sijakutupa. Nilikubeba mgongoni, nitakutupa wapi? Mheshimiwa wako mwogope, ana mshahara wako. Nzuki ana nini cha kukutisha? Ni mzee, macho yamekwisha, hicho kitabu hawezi hata kukisoma. Yuko tu anauliza watu.

Kwa hiyo Desemba, kabla hujapanda basi, pita kwake. Kaa kwenye kigoda, kunywa chai yake hata ikiwa haina maziwa, umwambie kwa mdomo wako kwamba mwaka wake haumo, na kwa nini. Akikutukana, nyamaza. Akinyamaza, usiondoke mpaka aseme kitu. Musau hulala kijijini kwa Nzuki, nitamtuma amuulize kama ulifika.

Ndipo uniletee mtoto.

Susu yako,
Kalekye