Dola ya Fedha Yenye Tundu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetoka zamu ya asubuhi ghalani Malton. Mkate, chai, halafu sarafu za Mama tena. Dola sita za Kimarekani, za fedha, zote za kabla ya mwaka 1900. Babu alizipata dukani kwake Tanga. Mama alikuja nazo Toronto zimeshonewa kwenye pindo la gauni. Arobaini yake imepita. Kaka Abbas anataka ziuzwe, tugawane.

Nimezipima kwa mizani ya jikoni. Kila moja inakaribia gramu ishirini na saba. Sumaku haizivuti. Fedha kweli.

Jumatano, 5 Novemba

Leo lenzi. Upande wa nyuma, chini ya picha ya tai, kuna herufi ndogo, inaonyesha sarafu ilipigwa mji gani. Mbili zina S, San Francisco. Moja O, New Orleans. Mbili hazina kitu, yaani Philadelphia. Ya sita ina CC. Carson City. Kitabu cha maktaba kinasema hizo ndizo zinazotafutwa sana.

Halafu nikaona hiyo ya CC ina tundu, juu ya kichwa cha mwanamke aliye upande wa mbele. Na upande wa tai, pamechorwa kwa sindano, kwa herufi za Kiarabu: Sakina.

Jina langu. Sikumbuki kuivaa hata siku moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Sauti ya Mama haitoki kichwani. Hospitali, wiki zake za mwisho, alikuwa anaita Sakina, Sakina. Nikimshika mkono anafungua macho. "Si wewe." Nilijiambia ni maradhi ya kusahau.

Kazini nimebandika lebo kwenye maboksi yasiyo yake. Msimamizi kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekwenda Richmond Hill na Abbas, kwa mnunuzi wa sarafu. Mzee mpole, anashika sarafu kwa ukingo tu. Zile tano, bei ya uzito wa madini na kidogo juu yake. Ya CC aliigeuza muda mrefu. Isingetobolewa ingekuwa na thamani kubwa. Tena imesuguliwa miaka na miaka, nywele za yule mwanamke zimefutika.

"Kuna mtu aliipenda sana hii," alisema. "Ameiharibu kwa kuisugua."

Akanionyesha tundu. Limelika upande mmoja. Ilivaliwa shingoni, na si kwa siku chache.

Abbas alikuwa anatazama mlango. "Hiyo iuze," aliniambia kwa Kiswahili. "Nyingine baki nazo zote. Hiyo iondoke."

Sikuuza. Nimemchukia njia nzima.

Jumapili, 9 Novemba

Abbas kaja peke yake. Hakuvua koti.

Yeye alikuwa na miaka saba walipomzika Sakina. Sakina wa kwanza, dada yetu. Homa, siku tatu. Dola aliivua yeye shingoni mwa mtoto, Mama hakuweza. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Nikapewa jina lake, nguo zake, na cheti chake cha kuzaliwa. Kuzaliwa kwangu hakukuandikishwa. Abbas akakatazwa kusema.

"Kila nikikuita," alisema, "naona kama anaitika yeye."

Akalia. Mtu mzima, mwenye mjukuu aliye chuoni, kwenye kiti changu cha jikoni.

Kwa hiyo Mama hakuwa amesahau kitu.

Tarehe iliyo kwenye pasipoti yangu ni ya marehemu. Keki zote zile za siku ya kuzaliwa. Najiona mwizi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimejiona kwenye kioo cha lifti, nikatoa salamu, kana kwamba ni yeye. Upuuzi. Hata hivyo nimetoka kwenye lifti ghorofa ya tano, nikapanda ngazi zilizobaki hadi kwangu, ya kumi na mbili.

Ijumaa, 14 Novemba

Binamu kapiga simu kutoka Tanga. Kaburi la Sakina, nililomwomba alitafute, amelipata. Dogo, karibu na ukuta. Jina bado linasomeka. Amepalilia majani.

Theluji ya kwanza leo. Abbas alikuja baada ya sala. Hatuuzi. Tulikaa mezani kumsomea Fatiha, mimi na yeye tu.

Abbas alitaja jina la marehemu kwa sauti. Niliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani, nililisikia na sikuitika.