Njia ya Chemchemi ya Edwen

Nettlecote, 2 Machi 1993

Mwanangu Clive,

Salamu nyingi kutoka huku chini. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila mvua ikinyesha, na mvua haijakoma tangu Krismasi. Wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Na Janet hajambo? Mwambie sweta lake nimefika kwenye mikono.

Kile kikaratasi cha wageni ulichoniomba nikisahihishe nimekisoma. Aliyekiandika hajawahi kukanyaga hapa. Ameyaweka maporomoko mashariki ya kijiji. Mgeni akimfuata atatokea kwenye mazizi ya nguruwe ya Ted Beddoes. Pango halikuwa la majambazi, lilikuwa la wachoma mkaa, na masizi yao bado yako darini. Ule mti wa uwanja wa watawa haukupandwa na watawa. Waliukuta, wakajenga kanisa lao pembeni yake, na sasa kanisa ni magofu na mti bado unazaa. Mawe ya Wachungaji Saba ni manane, lakini hilo liacheni hivyohivyo. Tumeyaita saba siku zote na hakuna jiwe lililolalamika.

Mstari wa mwisho ndio ulionichafua roho. Eti watu wanakaribishwa kupita njia ya Chemchemi ya Edwen "kwa hisani na ruhusa ya Bwana Fairbrass". Huyu Fairbrass amenunua shamba la Kanali Corfield mwezi wa kumi mwaka jana. Mimi nilibebwa njia ile mgongoni mwa bibi yangu, na wewe nilikubeba mimi ukanyweshwa maji ya chemchemi kabla hujaota jino. Nimeipita miaka thelathini na moja na mfuko wa posta begani. Futeni mstari huo, nami yaliyobaki nitawasahihishia yote.

Mama yako


Nyumba ya Msimamizi, 9 Machi 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi kimepungua, na Janet anashukuru kwa sweta kabla halijaisha. Ila Mama, simu unayo. Kati yangu na wewe pana kilima kimoja tu. Ungepiga tukayamaliza kwa dakika tano.

Bwana Fairbrass si mtu mbaya. Anataka daraja la maporomoko litengenezwe, pawe na kibanda cha chai karibu na magofu, watu waje kuona maua ya buluu mwezi wa tano badala ya kwenda kwingine. Hajamfukuza mtu. Anasema karibuni, mpite, kuna ubaya gani? Ruhusa ni neno tu.

Unajua pia nilikaa miaka minne bila kazi. Nikienda kumwambia tajiri wangu kwamba mama yangu hataki ukarimu wake, atanionaje?

Mwanao,
Clive


Nettlecote, 12 Machi 1993

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na tumbo limeshiba, maana nitakayosema hayafai kwa mwenye njaa.

Kuhusu simu: maneno ya simuni mtu huyakana kesho yake. Nimepeleka barua za watu maisha yangu yote, najua uzito wake.

Kama ruhusa ni neno tu, alifute. Mbona analishikilia? Anayekuruhusu leo anaweza kukukatalia kesho, na ukimuuliza kwa nini atakuambia shamba ni lake. Nimepanda basi mpaka ofisi ya kaunti kuuliza. Dada mmoja anayetunza ramani, mpole kweli, amenieleza kwamba watu wakiipita njia miaka ishirini, mchana kweupe, bila kumwomba mtu, njia inakuwa ya umma. Inachorwa kwenye ramani na hakuna tajiri wa kuifuta. Basi nimeanza kukusanya mashahidi.

Jumapili njooni mle, nitaoka mguu wa kondoo. Lakini ukianza habari za hisani utakula uani na kuku.

Mama yako


Nettlecote, 20 Juni 1993

Kwa Bwana Msimamizi wa Shamba,

Natumai u mzima wewe na wa nyumbani mwako.

Nimekiona kibao mlichosimamisha penye kivuko cha ua, zile mbao za kupandia uzio, chenye herufi za dhahabu: NJIA HII INAPITIKA KWA RUHUSA. Napenda kukujulisha kwamba nimekipita jana na leo, na sikukisoma mara zote mbili. Mkeo ananiambia wewe mwenyewe ndiye uliyechimba shimo la nguzo. Lingekuwa la mtu mwingine ningelicheka.

Mashahidi wamefika arobaini na wanne. Wote wameandika kwamba hawajawahi kuomba ruhusa maishani mwao. Ted Beddoes ameandika kurasa sita, tano kati ya hizo ni habari za nguruwe.

Bi M. Oakshott, ambaye pia ni mama yako


Nyumba ya Msimamizi, 3 Novemba 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na haya, na vyote viwili vinamzuia mtu kuandika. Janet anakuambia usimnunie na yeye.

Nilikuwa nasafisha stoo ya Kanali, marehemu, nikakuta sanduku la biskuti. Ndani mna kadi za Krismasi kutoka Chama cha Kina Mama cha Nettlecote, ishirini na sita, moja kwa kila mwaka. Mwandiko ni wako, Mama, ulikuwa katibu. Nakunakilia moja: "Kwa Kanali Corfield, tunakushukuru sana kwa kuturuhusu mwaka mwingine tena kupita kwenda chemchemini. Tafadhali pokea jamu hii ya plamu." Zote zinasema hivyo. Ya mwaka 1971 inaomba radhi kwa nyayo zetu kuacha matope.

Nimeuliza kwa wakili kwa njia ya mbali, bila kutaja jina. Anayeshukuru kwa ruhusa amekiri kwamba alipewa ruhusa. Mkaguzi wa serikali atakayeamua habari ya njia akiziona kadi hizi, mashahidi wako wote arobaini na wanne wamekwisha.

Bwana Fairbrass hajui habari za sanduku. Jiko langu linawaka hapa mbele yangu. Niambie neno moja tu.

Mwanao,
Clive


Nettlecote, 5 Novemba 1993

Mwanangu mpendwa,

Wewe hujambo? Mimi leo sijambo kwa nguvu tu.

Nimelia, nakuambia wazi. Nimekaa jikoni na barua yako mpaka chai ikaota ngozi. Kanali hakuwahi kuturuhusu chochote, mwanangu. Hatukuwahi kumwomba, naye hakuwahi kutuuliza tunakwenda wapi. Ilikuwa adabu tu. Watu wa hapa tukikanyagwa mguu tunaomba radhi sisi. Ikifika Krismasi mtu hawezi kumpelekea jirani jamu bila kumwandikia kitu, na baada ya kuandika "Krismasi njema" nafasi ilikuwa inabaki, basi nikaijaza. Nimeipoteza njia ya bibi yangu kwa sababu ya nafasi kwenye kadi.

Usichome. Jioni hii kijiji kizima kinakusanya kuni za moto wa sherehe ya Novemba uwanjani, na nikiwatazama nimekuwaza wewe mbele ya jiko lako. Ukizichoma utakuwa mwizi wa karatasi za tajiri wako, na mimi nitakuwa mama aliyemtuma. Nikipita njia hiyo kila siku nitakukumbuka ulivyoinama penye jiko. Siitaki njia ya namna hiyo. Mpe sanduku lake.

Niliandika mimi, nitasimama mimi mbele ya huyo mkaguzi niseme niliandika.

Mama yako anayekupenda


Nettlecote, 18 Mei 1995

Mwanangu Clive,

Salamu kwako na kwa Janet. Nasikia mmeshapanda viazi; mimi bado, kwa sababu utakayoisoma hapa chini.

Uamuzi umetoka. Ulikuwepo ukumbini siku ile ya kusikilizwa, ulikaa safu ya nyuma upande wa Fairbrass, uliona mwenyewe. Mkaguzi alizisoma kadi moja baada ya nyingine kwa sauti ya kanisani, na Doris Pym akawa anaitikia kwa kichwa, eti ndiyo, jamu ile ilikuwa nzuri. Sasa ameandika kwamba mgeni ndiye anayemshukuru mwenyeji, na sisi tulikuwa wageni miaka yote ishirini na sita. Tumeshindwa.

Fairbrass, kwa ule ukarimu wake, ameleta kadi kila nyumba. Kadi ya ruhusa ya maisha, unatia sahihi unapita. Mimi ameniahidi na benchi penye chemchemi, lenye jina langu. Alikuja mwenyewe na keki. Keki nilipokea, sina ugomvi na keki. Kadi nimemrudishia tupu. Nyumba zote arobaini na mbili zimerudisha tupu, hata kwa Doris, niliyemkalisha chini saa nzima.

Yule dada wa ramani nimemuuliza tena. Anasema hesabu ya miaka ishirini inaweza kuanza upya siku yoyote, ilimradi watu wapite waziwazi, bila ruhusa, na ijulikane kwamba hawana. Basi itaanza Jumapili ya tarehe 28. Nitapita mimi kwanza. Itakapotimia nitakuwa na miaka tisini na sita, na nikiwa sipo, wataendelea kuhesabu hao wanaopita nyuma yangu. Safari hii hatumshukuru mtu.

Najua utawekwa kwenye kivuko kudai kadi. Simama ufanye kazi yako. Nakuomba jambo moja tu, nalo ni gumu: usinisaidie. Usinikonyeze, usiniambie pita Mama. Ukinipa nafasi kwa mapenzi, hiyo nayo ni ruhusa, na tumekwisha tena.

Mama yako


Nyumba ya Msimamizi, 28 Mei 1995, jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai umefika nyumbani salama na umeinua miguu.

Nilikuambia mbele ya watu wote kwamba huna ruhusa, ukanijibu "nimesikia, kijana," ukapanda kivuko. Uliteleza kwenye ubao wa pili. Mkono wangu ulitaka kukimbia kukushika. Niliuingiza mfukoni nikaufinya humo, na Ted Beddoes akanitazama kama mtu asiye na mama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila aliyefuata nilimwambia maneno yaleyale, na kila mmoja akasema amesikia, akapita. Kutoka pale niliwaona mkiwa mmezunguka chemchemi, maua ya buluu yamewafika magotini.

Jioni Bwana Fairbrass ameniita. Ameniuliza kama kuna niliyempa ruhusa. Nikamwambia hapana, hata mmoja, hata mama yangu mzazi. Alifurahi sana, akanipiga bega, akasema niliandike hilo kwenye daftari la shamba ili siku zijazo mtu asije akabisha. Nikaandika mbele yake, kwa wino, naye akasoma, akatia sahihi yake chini ya yangu. Amesema niandike hivyo kila Jumapili, na nimemwahidi nitaandika.

Nakunakilia kama lilivyo:

"Jumapili, 28 Mei 1995. Wamepita watu thelathini na saba kwenda Chemchemi ya Edwen, mchana kweupe, bila ruhusa ya mtu yeyote."

Mwanao,
Clive